Günther Enderlein, mtu wa wadudu aliyetaka kusoma magonjwa yote ndani ya tone la damu

Kipimo chenyewe ni cha haraka. Mtu anakutoboa kidole, anachukua tone moja la damu, analifunika na kioo chembamba na kuliangalia palepale chini ya mikroskopi, damu ikiwa bado hai. Hakuna rangi inayowekwa, hakuna kungoja majibu ya labo. Mara mingi mikroskopi imeunganishwa na televisheni, na mgonjwa mwenyewe anaona chembe zake nyekundu ziking'aa kwenye giza, na katikati yake vidoti vidogo vinavyocheza bila kutulia. Kisha anaelezwa: hii ni kuvu, hii ni asidi, hapa ini limechoka, hapa kansa inajiandaa. Anatoka na mfuko wa matone na vidonge. Kipimo hicho kinafanyika Ulaya, Marekani na fasi zingine za dunia, na Wajerumani wamekipa jina la mtu: kipimo cha Enderlein.

Wengi wanaolitaja jina hilo wanafikiri alikuwa muganga wa hospitali. Hapana. Günther Enderlein alikuwa mtu wa wadudu, na kwa wadudu alikuwa mtu mkubwa kabisa.

Alizaliwa Leipzig, Ujerumani, tarehe 7 mwezi wa saba 1872. Alisoma elimu ya wanyama mpaka akapata cheo cha daktari wa chuo kikuu, na hapo njo wengi wanapochanganya, juu neno «daktari» mbele ya jina lake halikuhusu wagonjwa. Alifanya kazi Berlin, kisha mwaka 1906 akaenda kwenye makumbusho ya Stettin, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Szczecin. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya masanduku ya wadudu waliokauka, waliotoka pande zote za dunia, kuwaangalia mmoja mmoja kwa kioo cha kukuza na kuwapa majina. Hakuna televisheni hapo, hakuna mgonjwa anayelia. Ni miguu, mabawa, vinyweleo, siku nzima.

Na jicho lake lilikuwa kali. Mwaka 1905 aliwatenga chawa fulani wanaonyonya damu na kuwapa jina la Linognathus. Mfugaji wa mbuzi wa Kivu hajui jina hilo, lakini chawa wenyewe anawajua, juu ndani ya kundi hilo mna chawa wa mbuzi, wa ng'ombe na wa mbwa. Mwaka uliofuata akaandika juu ya chawa wa wanyama wa bahari ya kusini yenye barafu. Mwaka 1921 akashughulikia inzi wadogo weusi wanaouma kando ya mito, na kundi moja akaliita Edwardsellum. Hilo linagusa Congo moja kwa moja. Ndani ya Edwardsellum mna yule inzi anayeitwa Simulium damnosum, anayezalia kwenye maji ya kasi na kupeleka mnyoo unaoleta upofu wa mtoni. Watu wa Uele na wa Kasai wamewekewa miwani ya giza na inzi huyo tangu zamani. Jina alilolitoa Enderlein bado linatumika na watafiti wanaopambana na ugonjwa huo.

Kulikuwa na kasoro moja. Enderlein alitoa majina mengi sana, tena kwa haraka. Waliokuja nyuma yake walikuta mara na mara kwamba mdudu aliyemwita mpya alikuwa yule yule wa zamani, amebadilika kidogo tu. Lakini kwa wadudu kosa kama hilo linarekebishika. Mdudu amechomwa pini ndani ya sanduku, na hata kisha miaka hamsini mtu mwingine anaweza kufungua, kuangalia, na kusema: hapana, hapa mzee alikosea.

Vita vya kwanza vya dunia vilimtoa kwenye masanduku. Jeshi lilihitaji watu wanaojua mikroskopi, maana askari walikuwa wanakufa kwa magonjwa sawa vile walivyokufa kwa risasi. Upande wa mashariki tifusi, ile inayoletwa na chawa, ilikuwa inapiga kambi nzima. Enderlein akawekwa kwenye kazi ya bakteria hapo Stettin. Na mwaka 1916, kwa maelezo yake mwenyewe, njo alianza kuona ndani ya damu vitu ambavyo havikuwa ndani ya vitabu vya waganga.

Alikuwa anatumia mwanga wa giza. Jina linachekesha, lakini jambo ni rahisi. Asubuhi, jua likiingia nyumbani kupitia tundu la bati, unaona vumbi likielea ndani ya mwali, vumbi ambalo mlango ukiwa wazi hulioni kabisa. Mikroskopi ya mwanga wa giza inafanya vile vile. Mwanga hauingii jichoni moja kwa moja, unapita pembeni, nyuma kunabaki kweusi, na kila kitu kidogo kinachoguswa na mwanga kinang'aa. Waganga wa kweli waliipenda. Mikrobi ya sifilisi ilivumbuliwa Berlin mwaka 1905 na Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann, na ni nyembamba mno. Kwa mwanga wa giza ilionekana ikijizungusha ingali hai. Kwa hiyo chombo hakikuwa cha uongo. Enderlein alishika chombo kizuri, na vitu alivyoviona vilikuwepo kwenye kioo.

Swali ni vilikuwa nini.

Aliona vidoti vinavyocheza kati ya chembe nyekundu. Aliona nyuzi nyembamba, vijiti, vimipira vilivyojishika kama shanga. Akatulia, akachora, na kwa desturi yake akatoa majina, majina marefu mpaka Wajerumani wenyewe wanachoka. Kisha akavipanga vyote kwenye ngazi moja. Akasema ndani ya kila mtu, tangu tumboni mwa mama, mnaishi kiumbe kidogo kisicho na ubaya. Mwili ukiwa sawa, kinabaki chini ya ngazi. Mwili ukiharibika kwa chakula kibaya na asidi, kinapanda: kidoti kinakuwa uzi, uzi unakuwa bakteria, na juu kabisa kinakuwa kuvu, ile kuvu inayoitwa Mucor racemosus, ndugu ya ukungu unaouona juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Kadiri kinavyopanda, njo mtu anavyougua. Kansa, kwake, ilikuwa karibu na mwisho wa ngazi hiyo. Mwaka 1925 akayaweka yote ndani ya kitabu kinene alichokiita Bakterien-Cyclogenie, yaani mzunguko wa maisha ya bakteria.

Wazo lenyewe halikuanza naye. Mfaransa Antoine Béchamp, mshindani wa Pasteur, alikuwa amesema mapema kwamba mwili umejaa vichembe vidogo vinavyoweza kugeuka bakteria. Na katika karne ya 19 wasomi walikuwa wanabishana kweli kama mikrobi moja inaweza kuwa nyingine. Robert Koch na wenzake walimaliza sehemu kubwa ya ubishi huo kwa njia ya upishi, mtu anaweza kusema. Zamani bakteria walikuzwa ndani ya supu, na ndani ya supu mikrobi nyingine ikidondoka hewani huwezi kujua. Kesho unakuta umbo jipya, unafikiri la jana limegeuka. Koch akawakuza juu ya kitu kigumu, kama jeli, na kila bakteria akafanya kijiji chake peke yake. Hapo ikaonekana kwamba wa kifua kikuu anazaa wa kifua kikuu, hazai kuvu.

Ili kumtendea haki Enderlein, ni lazima kusema kwamba bakteria wanaweza kweli kubadilisha umbo. Emmy Klieneberger, mwanamke Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyekimbilia London, alionyesha mwaka 1935 kwamba wengine wanaweza kupoteza ganda lao na kuishi wakiwa laini, bila umbo la kueleweka. Lakini Klieneberger aliwakuza, akawaelezea, na watu wa labo zingine wakafanya vile vile wakapata kitu kile kile. Na bakteria aliyevua ganda bado ni bakteria yule yule. Kutoka hapo mpaka kidoti cha damu kugeuka kuvu ya mkate ni safari ambayo hakuna labo iliyowahi kuithibitisha. Kuvu ya Mucor ikiingia kweli mwilini, hasa kwa mwenye ugonjwa wa sukari uliomshinda, ni ugonjwa mkali wa kupigania uhai ndani ya siku chache. Haikai kimya kwenye damu ya mtu anayetembea sokoni.

Baada ya vita Enderlein alirudi Berlin, kwenye makumbusho ya wanyama, na akabaki hapo mpaka pensheni mwaka 1937. Mchana wadudu, na wakati mwingine damu. Waganga wa vyuo vikuu hawakumfuata. Alikuwa amejiwekea mlima, kwa kweli: kila mtu aliyetaka kumkagua alipaswa kwanza kujifunza lugha yake mpya nzima, na waliojaribu bila kuikubali lugha hiyo hawakukiona alichokiona. Lakini wagonjwa walimkubali, na pamoja nao watu wa tiba mbadala. Akaanza kutengeneza dawa, matone yaliyotoka kwenye kuvu zenyewe. Aliamini kwamba kiumbe cha chini ya ngazi kikiingizwa mwilini kinashusha kile kilichopanda. Mwaka 1944, Berlin ikiwa chini ya mabomu, mzee wa miaka 72 akafungua kampuni yake ya dawa. Vita vilipoisha alihamia Aumühle, kijiji karibu na Hamburg, akaendelea na biashara, na katika miaka ya 1950 akatoa na jarida lake mwenyewe, Akmon, la kueneza mafundisho yake. Hapo mtu mmoja ni mvumbuzi, mwandishi, mchapishaji na muuza dawa. Anayepima damu na kuuza dawa ya kile alichokiona kwenye damu ana sababu mbili za kukiona.

Alikufa mwaka 1968, akiwa na miaka 96. Wafuasi wake wanapenda kuutaja umri huo kama ushahidi.

Sasa, wale vidoti wanaocheza. Mwaka 1827 Mskoti mmoja, Robert Brown, alishangaa kuona vipande vidogo vya chavua vikitikisika ndani ya maji bila kusukumwa. Akajaribu na vumbi la mawe, kitu ambacho hakijawahi kuwa na uhai, na lenyewe likatikisika. Kila kitu kidogo sana ndani ya maji kinacheza, juu maji yenyewe hayatulii. Na damu ina vitu vidogo mingi. Mtu akila wali na mafuta ya mawese, kisha masaa machache matone madogo ya mafuta yanasafiri ndani ya damu yake, na chini ya mwanga wa giza yanang'aa na kuruka kama vijidudu. Kufunga kula kunayapunguza. Kwa hiyo mgonjwa aliyeambiwa afuate chakula maalumu anarudi, anaangalia televisheni, na kweli vidoti vimepungua! Amefurahi, na hajadanganywa na macho yake. Lakini alichokiona ni chakula cha jana yake.

Mambo mengine yanaelezeka kwa jinsi hiyo. Damu ikitoka mwilini inaanza kuganda, na kuganda kunafanyika kwa nyuzi. Hizo nyuzi alizozichora. Chembe nyekundu zinazojipanga kama rundo la franga, ambazo mgonjwa anaambiwa ni damu nzito au yenye asidi, zinajipanga hivyo kwenye damu ya kila mtu, hasa pale tone lilipo nene. Pembeni ya kioo hicho hicho zimeachana. Chembe zenye miiba zinatokea kioo kikikauka. Na vumbi la ngozi ya kidole, uchafu wa kioo chenyewe, vyote vinang'aa.

Kuangalia damu chini ya mikroskopi si jambo geni kwa Mkongomani. Dakika chache kwenye kituo chochote cha afya, utakuta mtu wa labo ameinama juu ya tone nene anatafuta malaria. Rangi anayotumia inaitwa Giemsa, kwa jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg, aliyeitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20, siyo mbali na Aumühle ambapo Enderlein alizeekea. Hata damu mbichi bila rangi ina kazi yake: vimelea vya malale vinaonekana vikijipinda kati ya chembe, na minyoo midogo ya filaria vile vile. Mwingereza Joseph Everett Dutton alitambua vimelea vya malale ndani ya damu ya mtu huko Gambia mwaka 1901. Miaka minne baadaye, tarehe 27 mwezi wa pili 1905, alikufa Kasongo, Maniema, kwa homa ya kupe aliyokuwa anaichunguza, na mikrobi ya homa hiyo nayo inaonekana ndani ya tone la damu.

Basi tofauti iko wapi, ikiwa wote wameinama juu ya kioo kimoja? Iko kwenye kile kinachofuata. Kioo cha malaria kimepakwa rangi, kinakauka, kinatiwa namba, kinawekwa. Msimamizi anaweza kukichukua kisha mwezi mmoja na kuhesabu tena. Wakitofautiana, mmoja amekosea na itajulikana. Mtu akipewa dawa ya malaria, vimelea vinapungua na homa inashuka, au havipungui na dawa inabadilishwa. Tone la Enderlein linakufa kwenye kioo ndani ya masaa machache. Anayeliangalia ndiye peke yake aliyeliona, na anayetafsiri ndiye peke yake anayejua lugha. Yule mtu ambaye kwa maisha yake yote aliwachoma wadudu pini ili wengine waje wamkague, kwenye damu hakuacha sanduku la kufungua.

Ukaguzi ulikuja kuchelewa, lakini ulikuja, na ulifanyika Ujerumani kwenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa Giessen walitangaza matokeo yao. Walichukua wagonjwa 110. Mtaalamu wa kipimo cha Enderlein aliangalia damu yao bila kuambiwa hospitali ilijua nini. Kati ya hao 110, picha za hospitali zilionyesha kwamba kansa ilikuwa imesambaa kwa watu 12. Kipimo cha damu kiliwatambua 3. Wengi wengine kilisema wanayo, wakati picha hazikuonyesha kitu.

Mwaka uliofuata jaribio lingine, la watu wasiokuwa maadui wa kipimo hicho, liliwaweka wapimaji wawili wenye uzoefu mbele ya damu za wagonjwa wale wale wa sukari. Hawakuafikiana vya kutosha. Hata mpimaji mmoja, akirudia, hakuafikiana vizuri na nafsi yake.

Dawa zake bado zinauzwa na mafunzo ya kuangalia damu hai bado yanatolewa. Wanaopimwa wengi ni watu ambao hawajambo, wamechoka tu, na matone ya kuvu yaliyochanganywa na maji mengi hayawadhuru sana isipokuwa mfukoni. Wale tisa wa Giessen ndio habari nyingine. Kwao jibu la kioo lilikuwa kwamba hakuna kitu, na walibahatika juu walikuwa tayari ndani ya hospitali, na picha zao zilikuwa kwa waganga.